Vijidudu Visivyosikia Dawa: Mhadhara kwa Nyumba za Bukavu



Nianze na maneno tunayoyasema kila mara mgonjwa anapotibiwa asipone: "Mwili wake umezoea dawa." Tunayasema kwa huruma, lakini yanatupoteza. Mwili hauzoei antibiotiki. Kinachozoea ni kijidudu, yaani bakteria aliyemo ndani ya mwili. Ingekuwa ni mwili, hasara ingembakia aliyemeza dawa ovyo, na sisi wengine tungelala salama. Kwa kuwa ni bakteria, naye hutembea, mtoto mchanga ambaye hajaonja kidonge hata kimoja tangu azaliwe anaweza kuambukizwa ugonjwa ambao dawa nyingi haziuwezi. Ameupata kwa mkono uliomshika, kwa maji yaliyomwosha, kwa wembe uliomkata kitovu. Hilo ndilo ninalotaka mlichukue leo: usugu wa dawa huambukizwa, na kinachoambukizwa huzuiwa pale kinapopitia, ambapo mara nyingi ni nyumbani.

Mtu aliyegundua penisilini aliliona jambo hili mapema sana. Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928. Mwaka 1945, alipokwenda Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel, alitoa onyo katika mhadhara wake. Alisimulia mfano wa mume aliyeumwa koo, akajinunulia penisilini, akatumia kidogo: haikutosha kuua vijidudu, lakini ilitosha kuvifundisha kuikabili. Kisha akamwambukiza mkewe. Mke akapata nimonia, akatibiwa kwa penisilini, dawa ikashindwa, akafa. Tazameni aliyekufa katika mfano ule. Hakuwa yule aliyetumia dawa vibaya. Alikuwa mtu wa nyumba yake.

Inakuwaje kiumbe kisichoonekana kwa macho kijifunze kuishinda dawa? Bakteria wa tumboni akipata chakula na joto anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Katika kugawanyika kwingi namna hiyo hutokea makosa madogo katika maandishi ya urithi wake, na mara chache kosa moja humpa nguvu ya kuistahimili dawa fulani. Pasipo dawa, nguvu hiyo haimfaidi kitu. Dawa ikiingia, wenzake wanakufa na yeye anabaki na nafasi yote na chakula chote. Ndiyo maana kila dozi ya antibiotiki, hata ile iliyohitajika kweli, huwapunguza bakteria dhaifu na kuwaachia wagumu uwanja.

Tena bakteria hawangoji kuzaa ili warithishane. Wana vipande vidogo vya mviringo vya maandishi ya urithi viitwavyo plasmidi. Wawili wakigusana, mmoja humpa mwenzake nakala, kama ufunguo uliochongwa kwa fundi na kugawiwa mtaa mzima. Hata bakteria wa ukoo mwingine hupokea nakala hiyo. Plasmidi moja huweza kubeba kinga dhidi ya dawa za aina kadhaa kwa pamoja, na nyingine zina maelekezo ya kutengeneza vimeng'enya vinavyoikata penisilini, na hata antibiotiki nyingine, seftriaksoni, kabla haijafanya kazi yake. Kwa hiyo kijidudu kinachokaa tumboni mwako kwa amani, bila kukuumiza, kinaweza kumpa silaha kijidudu kingine kitakachomwua mtu.

Mwaka 2019, kwa hesabu iliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2022, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na katika vifo vingine vingi usugu huo ulichangia. Mzigo mzito kuliko wote ulikuwa Afrika, kusini mwa Sahara. Wapo wanaodhani hili ni tatizo la nchi tajiri ambako watu wanameza dawa nyingi. Hesabu inasema kinyume. Anayekufa zaidi ni yule ambaye dawa ya kwanza ikishindwa, hana pesa ya kununua ya pili.

Na hapa kwetu? Mwaka 2014 mtafiti Leonid Irenge na wenzake walichapisha uchunguzi wa bakteria waliopatikana katika mkojo wa wagonjwa wa hospitali kubwa ya rufaa ya Kivu Kusini. Zaidi ya nusu walikuwa Escherichia coli, bakteria ambaye makazi yake ya kawaida ni utumbo wa binadamu. Ampisilini na kotrimoksazoli, ile mnayoiita Bactrim, zilishindwa mara nyingi. Walikuwapo pia bakteria wenye vimeng'enya vile vinavyokata dawa za jamii ya seftriaksoni. Baadhi ya dawa zilizobaki na nguvu, kama amikasini na imipenemu, ni za sindano na za gharama, wala hazipatikani katika kila kituo cha afya. Mwaka 2019 kundi hilo la watafiti lilirudi na kazi nyingine: walisoma maandishi yote ya urithi ya E. coli sugu kutoka jimbo letu, wakaziona humo jeni za usugu wa aina nyingi zikiwa zimekusanyika pamoja.

Katika uchunguzi ule wa kwanza kuna jambo ambalo mtu anaweza kulisoma haraka na kulipita. Mkojo uliopimwa haukuwa wa waliolazwa peke yao. Ulikuwamo wa watu waliokuja kutibiwa na kurudi zao nyumbani kule mitaani, na wao pia walikuwa na bakteria sugu. Vijidudu hivi havikufungiwa ndani ya kuta za hospitali. Viko Panzi, viko Nguba, viko Cimpunda, viko kwenye ngazi za udongo tunazopanda kila jioni.

Sasa njia zenyewe ambazo vijidudu hivi hupitia. Ya kwanza ni ya kutoka hospitali kurudi nyumbani, na inatuhusu kwa namna ya pekee kwa sababu ya jinsi tunavyouguza. Katika hospitali zetu mgonjwa hafiki peke yake. Ana ndugu, yule tunayemwita gardi-maladi, anayempikia, anayemwosha, anayebadili shuka, anayemwaga mkojo, anayelala chini kando ya kitanda. Hiyo ni heshima yetu na nisingependa ipotee. Wapo wagonjwa wengi waliopona kwa sababu dada hakuondoka kando yao. Lakini mikono ya huyo dada inagusa jeraha asubuhi, inagusa sufuria mchana, na jioni inambeba mtoto wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Hakuna aliyemfundisha kunawa kati ya kazi moja na nyingine. Baada ya wiki mbili anarudi nyumbani na kikapu, mkeka, na bakteria wa wodi nzima tumboni na kwenye ngozi.

Hapa kuna jambo chungu, na lazima lisemwe. Mgonjwa aliyepona lakini hana pesa za kulipa bili huzuiliwa hospitalini siku nyingi hadi ndugu wachangishane. Mama aliyejifungua salama anakaa wiki nzima zaidi na kichanga chake katika chumba cha wagonjwa. Kila siku ya ziada wodini ni siku ya ziada ya kuokota bakteria wa wodini. Ninaona desturi hii ni mbaya kwa haki ya mtu, na ni mbaya pia kwa afya ya mji mzima. Wenye mamlaka ya afya waliomo humu ndani wanajua ninachosema.

Njia ya pili ni maji na choo. Mji wetu umekalia miteremko. Nyumba zimepandana, choo cha wa juu kiko karibu na ukuta wa wa chini, na mvua ikinyesha, kilichokuwa juu kinateremka. Bomba la shirika la maji, REGIDESO, linakauka siku nyingi, basi watoto wanashuka na mabidoni hadi chemchemi, au hadi ziwani kabisa. Bakteria sugu akitoka na kinyesi cha mtu mmoja, haya ndiyo mazingira anayoyapenda: anashuka na maji, anapanda na bidoni, anaingia katika kikombe. Ndiyo njia hiyo hiyo ya kipindupindu, ugonjwa ambao Kivu Kusini inaujua vizuri, kuanzia Uvira na Fizi hadi hapa mjini. Tofauti ni kwamba kipindupindu hupiga kelele upesi. Bakteria sugu hunyamaza. Atakaa utumboni miezi, mpaka siku mwenye nyumba anapofanyiwa upasuaji, au mjamzito anapopata maambukizi ya mkojo.

Ya tatu ni namna tunavyonunua dawa. Famasi ziko kila kona, na wauza dawa wa kutembeza sokoni wapo pia. Mtu ana homa, ana franga za vidonge vinne, ananunua vinne. Sitamlaumu maskini kwa umaskini wake. Ninalolalamikia ni dawa kutolewa pasipo ugonjwa wake. Chukueni tifoide. Katika mji huu kila homa isiyo malaria inaitwa tifoide, kwa sababu ya kipimo cha Widal. Kipimo hicho kinatafuta alama ambazo mwili umetengeneza dhidi ya vijidudu vya jamii hiyo, na alama hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au wa kijidudu kingine kabisa. Uthibitisho wa kweli ni kuotesha damu maabara ili bakteria mwenyewe aonekane. Kwa Widal peke yake watu wengi wasio na tifoide wanameza antibiotiki ya siprofloksasini, tena mara tatu nne kwa mwaka. Tumbo la mtu wa namna hiyo limekuwa shule ya bakteria sugu, na kinachotoka tumboni mwake kinashuka mlimani pamoja na mvua.

Mtaniuliza: basi tumalize dozi, si ndivyo wanavyosema redioni? Fuateni maelekezo ya aliyewaandikia dawa, idadi na siku zake, wala msikatize kwa kuwa homa imeshuka. Hata hivyo nadhani tumeusema ujumbe huo mpaka ukaufunika ulio mkubwa zaidi. Hatari kubwa ni ile dozi ambayo haikuhitajika tangu mwanzo. Mafua, kikohozi cha kawaida, koo nyingi zinazowasha, na kuhara maji kwa watoto wadogo, sehemu kubwa husababishwa na virusi, na antibiotiki haigusi virusi hata kidogo. Mtoto anayehara maji anahitaji maji, chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, au pakiti ya ORS kutoka kituo cha afya. Aongezewe na zinki kwa siku 10 hadi 14, na anyonye kama kawaida. Kinyesi kikiwa na damu, au mtoto akipumua haraka na mbavu zikibonyea, akishindwa kunyonya, akitetemeka degedege, hapo hakuna cha kungoja nyumbani. Pandeni naye hospitali usiku huohuo, na dawa atakayoandikiwa huko itakuwa na sababu.

Sasa ulinzi wa nyumbani. Naweka kunawa mikono mbele ya vyote, na ninajua wapo wanaovunjika moyo kusikia jambo la kawaida namna hiyo. Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona wanawake wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi iliyohudumiwa na madaktari waliotoka kupasua maiti. Aliwaagiza waoshe mikono kwa maji ya klorini, na vifo vikashuka sana. Hapakuwa bado na antibiotiki duniani. Kijidudu chochote, kiwe sugu kwa dawa 10 au kisiwe sugu kwa hata moja, kinaondoka kwa sabuni ileile. Tena mtoto asiyehara hatapewa antibiotiki, na dawa isiyomezwa haikomazi bakteria. Kunawa kunazuia ugonjwa, na kwa kuuzuia kunaokoa dawa.

Nyakati zenyewe mnazijua: baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kugusa bugali, kabla ya kumnyonyesha. Ninyi mnaouguza ongezeni mbili: kabla ya kugusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Sugua kwa sabuni sekunde 20 hivi, katikati ya vidole na chini ya kucha, kisha maji yanayotiririka. Beseni moja ambalo familia yote inatumbukiza mikono kabla ya kula linagawa bakteria wa mmoja kwa wote. Ni afadhali mtoto mmoja ashike kikombe na kuwamiminia wenzake. Maji yakiwa adimu, toboeni bidoni ndogo, itundikeni mlangoni mwa choo: maji kidogo sana yanatosha mkono mmoja. Sabuni ikikosekana, majivu safi yanasaidia kusugua. Kinyesi cha mtoto mdogo kitupwe chooni kama cha mtu mzima, maana si kweli kwamba hakina madhara.

Maji ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote vizuri kwa dakika 1. Wanaoishi juu sana milimani, kupita mita 2,000, huambiwa wachemshe dakika 3, kwa kuwa huko maji hutokota kabla ya kupata moto wa kutosha. Ziwa letu liko mita 1,460 hivi, kwa hiyo dakika 1 inatutosha wengi wetu, na makaa mnajua yanavyopanda bei. Asiye na makaa atumie vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, angoje dakika 30. Au ajaze chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, aziweke juani saa 6, na siku za mawingu azirudishe juani siku ya pili. Maji yawe maangavu, yenye matope jua haliyapenyi. Lakini kuchemsha ni nusu ya kazi. Maji yaliyochemshwa yakiwekwa katika ndoo iliyo wazi, kila mtu akichota kwa kikombe chake, hadi jioni yamerudi yalikotoka. Yawekeni katika bidoni yenye mdomo mwembamba na kifuniko, au ndoo yenye robine, mkono usiingie ndani.

Kuhusu vidonda nina neno la mkazo. Ile desturi ya kufungua kapsuli na kumwaga unga wake juu ya kidonda, iacheni kabisa. Unga ule hauingii mahali panapotakiwa kwa kipimo kinachotakiwa, unakomaza bakteria wa ngozi, na hufunika uchafu ukabaki chini. Kidonda kinataka kuoshwa kwa sabuni na maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha kufunikwa kwa kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi. Kikiwa kirefu, au kimeingiwa na udongo au msumari, muuguzi akiangalie na achome sindano ya pepopunda. Kikivimba, kikiwa chekundu na moto, usaha ukitoka, kipelekeni mapema. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hukaa puani na kwenye ngozi ya watu wengi wenye afya. Wembe mmoja wa watu wawili au taulo moja ya nyumba nzima inamtosha kuhama. Kwa kinyozi, ombeni mashine isafishwe kwa alkoholi mbele ya macho yenu.

Ndugu akitoka hospitalini, msimtenge. Hakuna sababu ya kumwogopa. Nguo na shuka zake zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, zikaushwe juani, awe na taulo yake, na anayembadilishia bendeji anawe kabla na baada. Akirudi kituo cha afya kwa ugonjwa mwingine, mwambieni muuguzi kwamba alilazwa, siku ngapi, na dawa gani alipewa. Habari hiyo moja inaweza kubadili dawa atakayoandikiwa. Vidonge vilivyobaki visigawiwe jirani.

Kuku na nguruwe nitawagusa kidogo tu. Wanaofuga wanawatilia antibiotiki ya tetrasiklini katika maji ili wasife. Bakteria wa kuku hupita kwa anayesafisha banda na anayechinja. Mwulizeni mganga wa mifugo kwanza, safisheni banda, naweni.

Na chanjo. Watoto wetu wanapata chanjo ya nimokoki tangu mwaka 2011, na inawakinga na aina nyingi za nimonia ambazo zingedai antibiotiki. Kadi ya chanjo iliyojazwa ni dozi kadhaa za dawa ambazo hazitahitajika.

Ndugu zangu, mji huu unaweza. Mwaka 2019, Ebola ilipofika Mwenga, na mwaka 2020 wakati wa Covid, ndoo za maji ya klorini zilisimama mlangoni mwa kila kanisa, msikiti, shule, soko na benki. Hakuna aliyeingia bila kunawa, hata wakubwa walipanga mstari. Hofu ilipopita, ndoo ziliondolewa, na nyingine leo zinahifadhi makaa. Bakteria sugu hawajapita. Wapo, na wanaua polepole mahali ambapo hakuna anayehesabu. Basi ninawaomba: wenyeviti wa avenyu, wachungaji, maimamu, wakuu wa shule, rudisheni ndoo zile mlangoni wiki hii, wekeni na sabuni, mteueni mtu wa kuzijaza. Wakuu wa hospitali, mfundisheni kila gardi-maladi kunawa siku ile anapoingia wodini na mkeka wake, na mpeni maji ya kunawia.